Maji Yenu Yanawashitaki

Enyi mlioichota bahari mkaiweka sebuleni, sikilizeni. Ijumaa samaki amekufa. Jumamosi mmeshampigia simu mwenye duka awaletee mwingine. Aliyekufa mmemtupa pamoja na maganda ya viazi, kioo mkakifuta, taa mkaiwasha, na wageni walipofika jioni wakasema mashaallah, nyumba imependeza. Hakuna aliyeuliza yule wa juzi yuko wapi. Nanyi hamkujiuliza amekufa kwa nini, maana kujiuliza kungewapeleka kwenye maji, na maji ndiyo msiyotaka kuyashughulikia. Mmemwua, na neno hilo silirudishi.

Samaki wa miambani si ua la kwenye chombo, likinyauka ukatia jingine. Yule mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mikanda myeupe, anayelala katikati ya mikono ya anemoni, akitunzwa vizuri huishi zaidi ya miaka kumi ndani ya kioo, na wapo waliopita ishirini. Kwenu anamaliza miezi mitatu. Kangaja wa buluu, ambaye watoto wanamjua kwa filamu moja ya mwaka 2003, hukua hadi sentimita 30. Mmemnunua akiwa na urefu wa kidole, mkamtia katika kitangi ambacho akikua hata kugeuka hatoweza, na alipokufa mkasema samaki wa baharini ni wagumu kufuga.

Sikaripii kufuga. Mtu anaweza kuweka kipande cha mwamba nyumbani kwake akakitunza kwa haki, na watoto wake wakakua wanajua tumbawe ni mnyama, si jiwe. Ninalolikaripia ni kutaka pambo bila kutaka kazi yake. Mmependa kutazamwa mkiwa mmesimama mbele ya samaki. Samaki wenyewe hamjawapenda.

Mnajua wametoka wapi? Wengine wametoka hapa hapa kwetu. Kwenye pwani ya kusini ya Kenya wapo wazamiaji ambao kazi yao ni kuwafuata samaki hawa mwambani mmoja mmoja, kwa kimia cha mkono, na kuwatoa wakiwa hai. Hutiwa katika mfuko wa plastiki, maji kidogo chini na oksijeni juu, wakasafirishwa Ulaya na Marekani, na wachache wakapandishwa Nairobi. Kwingine hali ni mbaya zaidi: huko Ufilipino, tangu miaka ya 1960, kumekuwa na wavuvi wanaowapulizia samaki sianidi ili walewe washikwe, na matumbawe yanayopata sumu hiyo hufa. Samaki aliyepita katika hayo yote akafika kwako akiwa mzima, wewe unammaliza kwa sababu umeona uvivu kupima maji kwa dakika tano.

Na sasa nitawaambia mnavyoua, asije mtu akasema hakuambiwa.

Samaki anakula, na kwa matamvua yake anatoa amonia. Baharini amonia hiyo inapotea katika maji yasiyo na mwisho. Ndani ya lita 200 haina pa kwenda. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu, na wapo wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili ikiwa kidogo. Bakteria hao hawaji na tangi siku linaponunuliwa. Huota taratibu juu ya mawe, mchangani na ndani ya chujio, na kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kabla ya kufikia idadi ya kutosha. Nyinyi mmejaza maji asubuhi, alasiri mmetia samaki saba.

Maji ya bahari hayasamehe kosa hilo. pH yake ni 8.1 hadi 8.3, na katika kiwango hicho ile sehemu ya amonia iliyo sumu kali huwa zaidi ya mara kumi ya ilivyo katika maji yenye pH 7. Kwa hiyo aliyezoea kufuga samaki wa maji baridi akaponea chupuchupu asidhani ataponea huku.

Mtazameni samaki anayekufa kwa amonia, msigeuze nyuso. Anapanda juu karibu na pampu ambako maji yanachemka hewa. Mdomo uko wazi. Matamvua yanapiga mbio, na ukikaribia unaona yamewiva, mekundu kuliko kawaida. Mapezi ameyabana mwilini. Chakula kinateremka mbele ya macho yake hakigusi, na mwenye nyumba anasema leo ameshiba. Usiku taa inazimwa. Asubuhi yuko ubavuni, amenyonywa na kichujio.

Mnaniambia: lakini maji ni maangavu, unaona mpaka ukuta wa nyuma. Amonia haina rangi. Nitrati haina rangi. Shaba iliyovuja kutoka kwenye bomba au kwenye dawa ya samaki haina rangi, nayo ikizidi kidogo tu inaua kamba, konokono na matumbawe yote. Macho hayapimi maji. Vipimo vya matone vipo: unatia maji ya tangi katika kichupa, unadondosha dawa, unasubiri, unalinganisha rangi na kadi. Mtu aliyenunua taa inayobadilishwa rangi kwa simu hawezi kuja mbele yangu akasema vipimo vimemshinda bei.

Kisha kuna chumvi, na hapa ndipo wengi wanapoangamia wakidhani wanatenda mema. Tangi la lita 200 lenye maji ya bahari, gramu 35 kwa kila lita, limebeba kilo 7 za chumvi. Joto la Dar es Salaam au Mombasa, na feni inayopuliza juu yake, vikanyanyua lita 20, maji yanakwenda hewani na chumvi inabaki. Kilo zile 7 sasa zimo katika lita 180, yaani karibu gramu 39 kwa lita. Anakuja mwenye tangi na ndoo ya maji ya bahari kujazia. Ametia chumvi juu ya chumvi, na kipimo hakirudi kilipokuwa. Wiki ijayo anarudia. Konokono wanajifungia, matumbawe hayafunguki, naye anatafuta ugonjwa katika vitabu. Kinachochukuliwa na joto hujaziwa kwa maji yasiyo na chumvi, kidogo kidogo, kila siku. Maji ya chumvi ni ya siku ya kubadilisha, pale unapochota sehemu ya maji ya zamani na kuyamwaga, tuseme asilimia 10 au 15 kwa wiki, ukarudisha mapya yaliyokorogwa tangu jana katika pipa lenye pampu, joto na chumvi vikiwa sawa na vya tangini.

Na hayo yasiyo na chumvi yawe safi kweli. Ya bomba yametiwa klorini. Ya visima vya pwani yana chumvi zake, na mara nyingi nitrati kutoka vyoo vya shimo vilivyo jirani. Ukijazia hayo, unamwaga sumu ile ile unayohangaika kuitoa. Tumieni maji yaliyochujwa kwa utando, yale yanayojazwa katika madumu na wauza maji ya kunywa. Hayako mbali na mtu yeyote mjini.

Wako pia wanaosema bahari iko hapo, kwa nini ninunue chumvi ya kopo? Sawa. Lakini nani aliwaambia bahari yote ni moja? Mto Msimbazi unashusha taka za Dar es Salaam mpaka daraja la Salenda, na mtu anateremka hapo na madumu manne, maji yamekupwa, rangi ya chai. Wa Mombasa anachota kwenye hori ya Tudor nyuma ya nyumba za watu. Maji huchotwa mbali na mito na mabomba ya taka, bahari ikiwa imejaa. Masika, mvua ikishanyesha siku mbili mfululizo, hayachotwi kabisa, maana juu ya bahari pameelea maji ya mvua na kila kilichosombwa nayo. Wavuvi wetu wanayajua haya bila kipimo. Waulizeni, wala msione haya kumuuliza mtu asiye na viatu.

Umeme ukikatika, na unakatika, chujio lililofungwa linasimama. Bakteria waliomo wanaendelea kupumua. Baada ya saa chache oksijeni imekwisha, wanaanza kufa. Umeme unarudi saa nane za usiku, pampu inasukuma maji yale yaliyooza moja kwa moja kwa samaki. Mwenye nyumba amelala. Kipampu cha hewa cha betri ni bei ya samaki mmoja, na nyumba nyingi zenye matangi hazina hata kimoja.

Mwanamke mmoja wa Uingereza anawahukumu nyote. Anna Thynne alikwenda Torquay, katika pwani ya Devon, mwaka 1846, akachukua matumbawe madogo ya mwambani akarudi nayo London katika mtungi. Hakukuwa na pampu ya umeme wala vipimo vya matone. Maji ya bahari yalikuwa mbali. Alichofanya ni kuhakikisha maji yanapata hewa: yakamiminwa kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, nusu saa na zaidi, kila siku, na mkono uliofanya kazi hiyo mara nyingi ulikuwa wa mtumishi wake wa ndani. Matumbawe yakaishi. Yule mtumishi, ambaye jina lake halikuandikwa, aliyaelewa maji kuliko ninyi mnaoyatazama kupitia simu.

Tena someni kilichofuata. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake kuhusu akwariamu. Kila aliyekuwa na sebule akataka tangi lake. Watu wakamiminika katika vidimbwi vya mwambani vya Devon na kwingineko wakiwa na nyundo na mitungi, wakabandua, wakabeba, na walivyobeba vikafa katika maji mabovu, wakarudi kubandua tena. Mwana wa Gosse, Edmund, alipoandika mwaka 1907, alisimulia kwamba vidimbwi alivyovijua utotoni, vilivyojaa anemoni na mwani wa kila rangi, vilikuwa vimeharibiwa, na kwamba baba yake aliumia kujua ni vitabu vyake vilivyowapeleka watu kule. Gosse aliipenda bahari kwa dhati. Wasomaji wake waliipenda iwe nyumbani kwao.

Miamba yetu haina nafasi ya kuvumilia mapenzi ya namna hiyo. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe kutoka Kenya hadi Tanzania yalipauka na kufa kwa wingi. Pametengwa hifadhi, Watamu, Malindi, Kisite-Mpunguti, Mafia, Chumbe, na ndani ya hifadhi hizo samaki wa mapambo hawashikwi. Nje yake wanashikwa. Kila anayekufa bure sebuleni kwako ana mwenzake atakayetolewa mwambani kuziba nafasi yake, kwa sababu wewe umeagiza.

Na juu ya haya yote, mnataka kubwa zaidi! Lita 200 zimewashinda, mnapanga 600. Mnachora kabati, mnachagua taa, mnahesabu samaki watakaoingia. Nimewasikia mkizungumza tangi jipya kwa saa nzima bila neno maji kutajwa. Ni kweli maji mengi hubadilika polepole kuliko machache, na kosa dogo haliui upesi. Lakini kazi yake ni ile ile, mara tatu: chumvi mara tatu, madumu mara tatu, umeme zaidi. Asiyebadilisha lita 20 kwa wiki atabadilishaje 60? Mtu wa namna hiyo akipewa tangi kubwa ataua wengi zaidi, tena wakubwa zaidi.

Anayetaka kupanua kwa haki aanze na vitu visivyoonekana na mgeni. Anunue vipimo, mashine ya kuchuja maji ya kujazia, mashine ya kukamua povu inayotoa uchafu kabla haujaoza, na betri ya siku umeme usipokuwepo. Taa na matumbawe magumu vije mwisho, maana matumbawe hayo hujenga mifupa yake kwa kunyonya kalsiamu na ualkali wa maji kila siku. Yanataka kalsiamu isiyopungua miligramu 400 kwa lita, na wewe hata kipimo chake hujawahi kukishika.

Apime na sakafu. Lita 600 ni zaidi ya kilo 600 za maji, kabla ya kioo, mawe, mchanga na kabati. Unakaa ghorofa ya nne katika nyumba ya kupanga. Umemuuliza mwenye nyumba? Umemuuliza fundi aliyejenga?

Ukiweka tangi la chini la kuchujia, lijaribu kabla samaki hawajaingia. Zima umeme mwenyewe, mchana, ukiwa umesimama hapo. Maji ya juu yataanza kushuka kwa bomba, na hayatakoma mpaka yafike chini ya ukingo. Tangi la chini lisipokuwa na nafasi ya kuyapokea, yatamwagika kwenye zulia na kwenye nyaya. Nyaya zenyewe zining'inie chini kuliko soketi, ili tone la maji ya chumvi lianguke sakafuni lisiingie kwenye umeme. Nimeona soketi iliyoota chumvi nyeupe kama unga, na mtoto wa miaka minne akicheza chini yake. Mnaweka samaki mpendeze, mnakaribia kuzika mtoto.

Siku ya kuhamia, mawe ya zamani yahame yakiwa yameloa, maana ndiyo yaliyobeba bakteria wenu. Mchanga wa zamani uacheni. Chini yake umelala uchafu wa miaka, na pale pasipofika hewa pana gesi inayonuka yai bovu. Ukiukoroga na samaki wamo, unaweza kuwamaliza wote siku hiyo hiyo. Halafu ngojeni. Pimeni kila siku. Samaki wapya wakae kwanza peke yao katika tangi dogo la karantini kwa wiki kadhaa, kwa sababu ugonjwa wa madoa meupe ukiingia katika tangi lenye matumbawe huwezi kutia dawa ya shaba bila kuyaua matumbawe. Pupa imewagharimu nyumba nzima mara ngapi?

Nanyi wauza samaki, msijifiche nyuma ya mteja. Mnamuuzia mtu tangi na samaki kwa risiti moja, huku mkijua maji yake hayajakomaa. Mnajua atarudi baada ya wiki mbili, na faida yenu imekaa juu ya kurudi kwake. Mkatazeni. Muuzieni mawe na chumvi leo, samaki mwezi ujao. Atakayekasirika aende, bora akasirike.

Wengine, mkichoka, mnabeba vilivyobaki mkavimwaga baharini mkidhani mnaviacha huru. Mwaka 1984 mwani mmoja wa akwariamu ulionekana umeota baharini chini ya jumba la makumbusho la bahari la Monaco. Ukaenea Mediterania ukifunika sakafu ya bahari. Mwaka 2000 ulionekana California, na kuung'oa kulichukua hadi mwaka 2006. Kilichotoka dukani kisitiwe baharini, hata maji yake.

Basi leo jioni, kabla ya kuagiza chochote, pimeni amonia, nitriti, nitrati, pH na chumvi, mwandike katika daftari pamoja na tarehe. Wiki ijayo mpime tena. Mwenye amonia au nitriti yoyote juu ya sifuri asinunue samaki. Ambaye hajajaza daftari la miezi sita asiagize tangi kubwa. Na ambaye hataki kabisa habari ya daftari, tangi lake aliuze, na samaki waliobaki awapeleke kwa mtu anayepima maji.